Maji Mbele ya Duka Lililofungwa

Mpendwa mshauri,

Jana mchana Bwana Kanamaru, ofisa wa Chemba ya Biashara ya mji wetu, alinithibitishia kwamba duka la miavuli linalopakana na langu halina maji. Idara ya maji ilikata bomba baada ya mwenye duka, Bi Nagumo, kufariki miaka mitatu iliyopita, na ufunguo uko kwa mpwa wake anayeishi Niigata. Naomba unishike mkono katika hili, kwa sababu leo asubuhi, kama jana, mawe ya mbele ya duka hilo yalikuwa yamemwagiwa maji, na safari hii maji yalikuwa yamefika kwenye kizingiti changu.

Nianze nyuma kidogo usije ukadhani nimerukwa na akili. Nilikuwa karani wa kampuni ya bima huko Tokyo, ndoa yangu ilikuwa imekwisha na nilikuwa natafuta kazi ya kufanya kwa mikono, nikasikia kwamba chemba ya mji huu inatafuta watu wa kurithi maduka ambayo wenyewe wamezeeka na hawana mtoto wa kumwachia, nikapiga simu, na wiki ile ile Bwana Kanamaru akanipokea stesheni na baiskeli yake, akaweka begi langu kwenye kikapu, akanipeleka kwa mzee Urushibara, mtengenezaji wa mishumaa ya madhabahu za nyumbani, ambaye alinishika viganja kabla ya kunitazama usoni, akasema, “Vina joto. Nta itavisikia.”

Chemba imenibeba tangu siku hiyo na sitaki uielewe vibaya. Bwana Kanamaru huja kila mwezi, huketi, hunywa chai, kisha huniuliza maswali ya kunitoa jasho: mshumaa huu unakula muda gani, kwa nini unauuza sawa na ule usio na kazi, nani atanunua theluji ikishaziba barabara. Yeye ndiye aliyenitambulisha kwa watawa wa mahekalu, yeye ndiye aliyeketi nami tukafanya hesabu za kodi, na yeye ndiye aliyenipatia meza kwenye maonyesho ya duka kubwa huko Sendai, ambako mishumaa yetu ya maua, ile tunayoichora kwa ajili ya majira ya baridi wakati hakuna ua la kuweka madhabahuni, iliisha kabla ya chakula cha mchana, na sasa duka hilo linataka mingi kuliko ninayoweza kuikausha katika chumba changu.

Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Bwana Kanamaru akaleta wazo la kukodi duka la miavuli, tubomoe ukuta wa katikati, huku pawe pa kuuzia na kule pawe karakana ambamo wageni wanaweza kuchora mshumaa wenyewe, na chemba ingetuombea ruzuku. Nilifurahi. Mwishoni mwa Septemba tulipima ukuta tukiwa upande wangu, yeye ameshika mwanzo wa futi ya mkanda na mimi mwisho, akachora alama ya chaki mahali pa kutobolea mlango, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi mbele ya duka lile palikuwa pameloa.

Mtaani kwetu kila mwenye duka hufagia na kumwaga maji mbele ya mlango wake kabla ya kutundika pazia lenye jina la duka, na jirani huvuka mpaka kidogo. Mama Tazuko, muuza mwani wa ng’ambo ya barabara, alinifundisha siku zangu za kwanza akiwa ameshika kiuno. “Shubiri moja tu, Mishumaa. Ukizidisha, unamwambia mwenzio ni mvivu. Ukipunguza, unamwambia humjui.” Basi upande wa duka la dawa mimi huvuka shubiri yangu, na mwenye duka la dawa huvuka yake. Upande wa miavuli huishia mpakani, kwa sababu hakuna mtu. Hata nilipohamia na kupita na taulo za salamu ambazo mgeni huwapa majirani zake, watatu wa ng’ambo na wawili wa ubavuni, Bwana Kanamaru aliniambia pale ni patupu nisijisumbue, na ile taulo ya tano nikaifutia nta.

Siku ile ya kwanza maji yalikuwa yamevuka upande wangu shubiri moja. Nilidhani ni mume wa Mama Tazuko amepitiliza. Baada ya hapo yakawa yanasogea, asubuhi hii kidogo, asubuhi nyingine kidogo zaidi, na yamemwagwa vizuri, si ya mtu aliyepindua ndoo, ni ya mtu anayechota kwa kata na kurusha kwa upinde. Nilimwita Mama Tazuko aje aone. Akaangalia pinde zile za maji kama anayeangalia samaki sokoni.

“Kamwaga kwa kushoto,” akasema.

“Nani?”

“Maji yanasema kushoto, mimi namjuaje nani.” Akarudi kupanga mwani wake. Alipofika mlangoni kwake akaongeza, bila kugeuka, kwamba marehemu alikuwa wa kushoto, na kwamba muuza miavuli asiyependa maji atakula nini.

Kuna bibi mmoja ambaye ni mteja wa mzee Urushibara tangu zamani. Alikuja wiki ile ile, akanipita mimi nimesimama mlangoni kwangu, akaenda kusimama kwenye maji mbele ya mlango wa bati uliofungwa, akainama kidogo kama watu wanavyoinama wakijibu salamu, kisha akarudi kwangu na kuagiza mishumaa yake ya kila mwezi. Wakati namfungia akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, “Siku hizi jirani yako anafungua mapema, binti.” Nilimwambia ndiyo.

Niliamua kukesha, si usiku, mimi si mtu wa usiku, lakini nikaamka kabla jua halijatoka, nikafungua mlango na kukaa kizingitini nikiwa na blanketi, nikitazama mawe makavu. Taa za barabarani zikazimika. Gari la maziwa likapita. Birika likaanza kupiga mluzi jikoni, nikainuka, nikaliepua, nikarudi, na mawe yalikuwa yameloa na bado yanatoa ile harufu ya jiwe lililopata maji sasa hivi. Barabara nyeupe, hakuna mtu. Na ukutani, kwa ndani, kwa upande wa miavuli, nikasikia kitu cha mbao kikiwekwa juu ya ukingo wa kitu kingine cha mbao, taratibu, kama mtu anayerudisha kata juu ya ndoo.

Nilipomweleza Bwana Kanamaru alikuja siku ile ile. Alichuchumaa, akagusa maji, akanusa kidole, akasema ni maji ya kawaida, na kwamba ataulizia idara ya maji. Yeye ni mtu wa takwimu. Lakini wakati wa kuondoka aliteremka na baiskeli yake hadi barabarani, akazunguka mahali pale palipoloa, akapanda tena kando ya njia upande wa pili. Nikamuuliza kwa nini amezunguka. Akanitazama.

“Nimezunguka?” akasema.

Sasa hili la mwisho ndilo lililonifanya nikuandikie. Jumatatu ilinyesha mvua kubwa. Nilidhani angalau siku ya mvua nitapumzika, lakini nilipofungua mlango niliona mbele ya duka la miavuli pana duara kavu. Juu yake hakuna paa wala kibaraza, kilichokuwepo kiliangushwa na theluji zamani. Mvua ilikuwa inaanguka kandokando yake na mawe ya ndani yalikuwa meupe makavu, duara la ukubwa wa mwavuli uliofunguliwa, na ukingo wake ulikuwa umevuka hadi kwenye mlango wangu. Niliingiza mkono. Haukulowa. Nikautoa haraka na tangu hapo mkono ule siuweki kwenye nta bila kuutazama kwanza.

Mwaka wangu wa majaribio unakwisha mwezi huu. Kwenye mkutano wa chemba wa Novemba natakiwa kusema mbele ya wote kama nalipokea pazia la mzee Urushibara au siliwezi, na siku hiyo hiyo mpango wa kubomoa ukuta utapelekwa kuombewa ruzuku. Nikikataa, mzee atalikunja pazia na duka litafungwa, maana hakuna mwingine aliyeomba, na mimi sina pa kurudi na sitaki kurudi, naipenda kazi hii kuliko chochote nilichowahi kufanya. Nikikubali, nitabomoa ukuta ambao nyuma yake kuna mtu au hakuna mtu. Nadhani ananifukuza. Nadhani maji yakishavuka kizingiti sitaweza kukaa. Nisaidie niamue, na kama jibu ni kuondoka, niambie wazi.

Mimi, Mrithi wa Mishumaa


Mpendwa Mrithi wa Mishumaa,

Jibu si kuondoka. Nimelitanguliza ili usome yaliyobaki ukiwa umekaa.

Kwa idhini uliyonipa, nilipiga simu kadhaa kabla ya kuandika. Idara ya maji inasema kama ulivyoambiwa: bomba limekatwa, mita imeng’olewa. Mama Tazuko anasema si yeye, mgongo wake hauwezi kumwagia hata duka lake, na mumewe akivuka barabara kwenda kumwagia mwanamke mwingine maji, awe hai au marehemu, yeye atakuwa wa kwanza kujua. Alicheka sana kwa maneno yake mwenyewe. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza kama wewe unakula vizuri, maana anakuona umekonda. Una jirani mwema pale. Mpelekee mshumaa.

Nani anamwaga maji? Sijui. Nimeandika habari maisha yangu yote na neno hilo huliandika bila aibu. Ila wewe hukuniuliza nani. Umeniuliza ukae au uondoke, ubomoe au uache, na hayo yanajibika hata kama hatutamjua mwenye kata.

Sasa nikugombeze. Ulifika mtaani na taulo tano. Nne ukazitoa kwa mikono miwili, bila shaka na kuinama kwako kote. Ya tano ukaifutia nta. Umeliandika hilo katikati ya mambo mengine, kama mtu anayetaja hali ya hewa, halafu ukaendelea na safari. Dada yangu, unauza mishumaa ya kuwashiwa waliotangulia. Kila siku unawafungia watu mwanga wa kumpelekea mama, mume, mtoto aliyelala kaburini, na huwaulizi wateja wako kama pale madhabahuni pana mtu. Hata hivyo ulipofika kwenye mlango wa bati ukasema hakuna mtu, ukapita.

Usimsingizie Bwana Kanamaru. Alikuambia duka ni tupu na kwa kazi yake alikuwa sahihi. Chemba inapaswa kujua duka lipi lina mpangaji na lipi halina, nani ana mrithi na nani hana, na kwa maelezo yako anaijua kazi hiyo kuliko wengi niliowahi kuwahoji. Kujua nani ni jirani yako hakumo katika kazi ya chemba. Hiyo ilikuwa yako. Ukaishia mpakani kwa mwaka mzima, asubuhi baada ya asubuhi, huku upande wa duka la dawa ukivuka shubiri yako kama kawaida. Mtaa mzima ulikuona. Kisha, bila hodi, ukapima ukuta wake na kuuchora chaki.

Unasema anakufukuza. Hebu tuyatazame mambo yale yale uliyoyaandika. Siku ya kwanza maji yalivuka kwako shubiri moja, kipimo cha adabu, si zaidi. Wewe hukujibu. Yakaongezeka. Hukujibu. Yakaongezeka tena. Hivyo ndivyo mtu anavyopaza sauti anaposalimia kiziwi. Halafu mvua ikanyesha, na mlango wako ukawekwa chini ya kivuli kikavu. Nimewaona watu wakifukuzwa madukani, nimeandika habari zao, na sijapata kuona anayefukuzwa akikingwa mvua.

Sisemi usiogope. Ogopa kidogo, inafaa, ningekuwa wewe ningeogopa. Lakini woga usikuondolee adabu.

Fanya hivi. Nunua taulo mpya, ifungwe kwa karatasi ya salamu na jina lako juu yake, dukani watajua. Asubuhi, kukiwa na mwanga, nenda kwenye mlango wa bati, bisha, taja jina lako na duka lako, sema umechelewa na unaomba radhi. Usieleze sana. Wanaochelewa hupenda kueleza, na maelezo humchosha mwenyeji. Tundika taulo kwenye komeo, inama, rudi kwako. Usisubiri kujibiwa na, tafadhali, usiweke sikio mlangoni.

Kuanzia siku hiyo, mwaga maji upande ule shubiri moja kuvuka mpaka. Ukikuta kumeshalowa, mwaga vilevile. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini hujibiwa. Wala usizidishe ukitaka kupendwa. Mama Tazuko amekwisha kukuambia kuzidisha ni nini.

Ukuta usiubomoe. Chukua kitambaa ufute chaki leo. Nilimuuliza Bwana Kanamaru kama mpango unaweza kubadilishwa kabla ya mkutano, akasema unaweza, ruzuku inahusu nafasi ya kazi, haihusu matofali. Akafikiri kidogo kwenye simu, nikamsikia akifungua na kufunga droo, kisha akasema ghorofa ya juu ya jengo la chemba haina unyevu na majira ya baridi haitumiki, unaweza kukaushia mishumaa ya Sendai huko hadi mtakapopata pengine, na kwamba nyuma ya duka la dawa kuna ghala ambalo mwenyewe analitafutia mtu. Ghala hilo lina mwenyewe anayepumua. Kapige hodi kwanza.

Kwenye mkutano usiseme habari za maji. Si kwa kuona aibu. Nimezungumza na watatu wa mtaa wako na wote watatu, kabla sijauliza, waliniambia huwa wanateremka barabarani kupazunguka mahali palipoloa. Hakuna utakayemwambia jipya. Simama, sema unalipokea pazia, mshukuru mzee Urushibara, kaa chini.

Simu yangu ya mwisho ilikuwa kwa mpwa wa marehemu huko Niigata, Bi Kiyoe. Nilitaja jina langu na jina la gazeti, sikuwa nimefika mbali zaidi ya hapo, akaniuliza, “Ni kuhusu yule wa mishumaa? Ameshakwenda kubisha hodi?” Nikamuuliza nani aliyemweleza habari zako. Akasema hakumbuki kuambiwa na mtu. Aliniambia pia kwamba ndani ya duka hakuna ndoo wala kata, kila kitu cha mbao alikitoa yeye mwenyewe baada ya mazishi, na kwamba atakuja kukuona.

Bi Kiyoe atafika Jumamosi tarehe kumi na tano Novemba kwa treni ya asubuhi, akiwa na ufunguo. Hakikisha taulo imetundikwa kabla yake. Mkutano wa chemba ni Jumatano tarehe kumi na tisa, saa nne asubuhi, ghorofa ya pili. Bwana Kanamaru amekwisha kupanga viti. Chako kiko safu ya mbele, na kando yake ameweka kimoja zaidi ambacho, nilipomuuliza ni cha nani, alisema atakiacha wazi.